Cheti cha Huduma ya Dharura kwa Anayetaka Kuwa Askari wa Zimamoto Mkoani Mara

Ukitaka kujua askari wa zimamoto wa Mara anafanya kazi gani, usianze kwa kuuliza habari za moto. Angalia kwanza mkoa ulivyokaa. Upande mmoja ni Ziwa Victoria, kuanzia Mwigobero na Makoko pale Musoma mjini hadi vijiji vya wavuvi vya Bunda. Katikati inapita barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, na juu yake mabasi, malori ya kwenda Kenya, michomoko (magari madogo ya abiria) na bodaboda vinagombania lami ileile. Ukipinda kuelekea Butiama na Buhemba unakuta maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Moto upo, tena mkubwa: vibanda vya soko, mabweni ya shule, marobota ya pamba kule Bunda. Ila ziwani, barabarani na kwenye duara, askari hakuti moto. Anamkuta mtu asiyepumua vizuri, anayevuja damu au aliyevunjika, na hospitali iko mbali.

Ndiyo maana chombo chenyewe kinaitwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 ilivitoa vikosi vya zimamoto mikononi mwa halmashauri na kuvifanya jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na uokoaji ukawa sehemu ya jina na ya kazi. Anayepiga 114 kutoka Kiabakari anaweza kuwa anaita gari la kuzima nyumba, na anaweza vilevile kuwa anaita watu wa kumtoa dereva aliyebanwa kwenye kichwa cha lori.

Sasa swali lako wewe uliyemaliza kidato cha nne, uko Nyasho au Nyamuswa, na unaitaka kazi hii: je, utafute cheti cha huduma ya dharura kabla ya kuomba?

Jibu bila kuzunguka

Hapa kwetu cheti cha huduma ya kwanza si sharti la kuingilia. Vijana wengi wanadhani ni sharti kwa sababu wanaangalia video za Marekani. Kule ni kweli: idara nyingi za zimamoto hazikupokei, au hazikubakishi kazini, mpaka uwe na leseni ya mhudumu wa dharura, kwa kuwa simu nyingi wanazopokea ni za wagonjwa na majeruhi kuliko za moto. Kijana wa huko analipia kozi mwenyewe, anafanya mtihani, ndipo anaomba kazi.

Tanzania mpangilio ni kinyume. Unachaguliwa kwanza, kisha unapelekwa depo, na mafunzo ya kuzima moto, ya uokoaji na ya huduma ya kwanza unayapata humo humo. Chuo cha Jeshi kiko Chogo, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Kwa hiyo mtu akikuambia “lipia kozi yangu, cheti hiki kitakuingiza Zimamoto moja kwa moja”, shika pesa yako vizuri.

Pamoja na hayo, nakushauri uutafute ujuzi huu mapema. Karatasi ni jambo la pili. Sababu iko ziwani.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokoka na 19 walipoteza maisha. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisaidia mlango kufunguka akitumia kasia, na Serikali ikaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wengi wanaishia hapo wanaposimulia habari hii. Mimi huwa naangalia kipande kinachofuata: kwa maelezo yake mwenyewe, alipokwenda kujaribu kuwatoa marubani, kamba ilikatika ikampiga, akapoteza fahamu, akazindukia hospitalini. Ushujaa alikuwa nao wa kutosha. Mafunzo yakaja baadaye, na kitu cha kwanza kinachofundishwa katika mafunzo hayo, kabla ya bandeji na kabla ya kamba, ni namna ya kutokuwa majeruhi wa pili.

Wewe hujui siku utakayoitwa depo. Huenda ni mwaka huu, huenda ni baada ya miaka mitatu, huenda hutaitwa kabisa. Katikati ya kungoja huko utaendelea kupanda michomoko na kuvuka kwa boti kwenda Kinesi. Ujuzi huo utauhitaji ukiwa na sare au bila sare.

Vyeti viwili visivyolingana

Watu huvichanganya, kwa hiyo tuvitenganishe.

Kuna cheti cha huduma ya kwanza, kozi ya siku chache. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kinaitoa, na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, nayo inafundisha huduma ya kwanza kwa ajili ya maeneo ya kazi. Kozi ya namna hii haikufanyi kuwa mhudumu wa afya. Inakufundisha kumshika mtu asiharibike zaidi mpaka afike kwa mhudumu wa afya. Kwenye maombi ya kazi ina uzito mdogo, ingawa si bure: anayepitia majalada ya vijana wanaofanana alama anaona huyu alijishughulisha.

Kabla hujalipa, uliza maswali haya ya kawaida kabisa. Kuna sanamu ya kufanyia mazoezi ya kukandamiza kifua, na kila mwanafunzi ataigusa, au mwalimu atafanya na nyie mtatazama? Mwalimu ni muuguzi, tabibu au mkufunzi anayetambuliwa na chama chake? Cheti kinaonyesha tarehe ya kwisha? Ukiambiwa cheti ni cha maisha, ondoka, maana mikono husahau na vyeti vinavyoheshimika huhuishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kozi za mtandaoni za saa mbili zinazokutumia cheti chenye mhuri wa dhahabu, zitumie kusomea tu. Kifua cha mtu hakifundishwi kwa simu.

Cheti cha pili ni cha fani: uuguzi au utabibu. Huyu sasa ni mhudumu wa afya kamili, na matangazo ya ajira ya Jeshi ya miaka ya karibuni, mbali na wahitimu wa kawaida wa sekondari, yamekuwa yakiita pia watu wenye fani, afya ikiwa mojawapo pamoja na udereva wa magari makubwa na ufundi. Musoma kuna Chuo cha Maafisa Tabibu, na stashahada ya utabibu ni miaka mitatu. Kuingia unahitaji ufaulu wa masomo ya sayansi, Kemia na Baiolojia yakiwa mbele. Hakikisha chuo chochote unachokitaka kinatambuliwa na NACTVET, na ukimaliza uuguzi, leseni unaipata Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bila leseni, cheti chako ni nusu.

Ushauri wangu hapa unategemea umri. Ukiwa na miaka 18 na alama zako za sayansi zinaruhusu, fani ya afya ni uamuzi mzuri, kwa sababu Jeshi likikukosa, hospitali na zahanati zipo. Ukiwa na miaka 23 usianze stashahada ya miaka mitatu kwa lengo la Zimamoto peke yake. Matangazo huweka kikomo cha umri, na kwa wahitimu wa sekondari mara nyingi kimekuwa miaka 25. Wenye fani huongezewa kidogo, lakini si kiasi cha kuchezea. Kwa wewe wa miaka 23, kozi fupi, kujua kuogelea na leseni ya udereva ni akiba bora zaidi.

Kuogelea nimekutaja makusudi. Ni ajabu ya mkoa huu kwamba mtu anazaliwa umbali wa kurusha jiwe kutoka ziwani na bado maji ya kiunoni yanamtisha. Jifunze, ila na mtu anayejua, mahali ambapo wavuvi wenyewe wanaoga, maana mamba na viboko hawasomi cheti. Baadaye kapime kichocho.

Ziwa

Julai 2023, mitumbwi iliyobeba waumini waliokuwa wakitoka kanisani ilizama eneo la Mchigondo wilayani Bunda, na zaidi ya watu kumi wakafa, watoto wakiwamo. Katika ajali za namna hii dakika za mwanzo zinakuwa za wanakijiji. Hao wanakijiji wanatumia walichorithi: kumning’iniza aliyezama kichwa chini, kumbinya tumbo maji yatoke, kumzungusha. Yote haya yanamchelewesha, na kubinya tumbo kunaweza kupandisha matapishi yakaingia kwenye mapafu.

Kinachotakiwa ni hewa. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu ili kichwa kirudi nyuma kidogo, angalia kifua kwa sekunde zisizozidi kumi. Kama hapumui, au anatweta kwa vipindi kama samaki aliyetolewa majini, mpulizie pumzi tano huku umembana pua na kuona kifua kikipanda. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha sentimita tano hadi sita, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi mbili, na uendelee hivyo mkipokezana kila baada ya dakika mbili. Anayefanya sawasawa anachoka na jasho linamtoka. Ukiona mtu anakandamiza huku anapiga stori, hakandamizi. Povu likitoka puani, usipoteze muda kulifuta. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha kinywa, rudi kazini.

Na aliyeokolewa akakaa, akaongea, akaomba chai, naye apelekwe hospitali. Mapafu yaliyoonja maji yanaweza kubadilika saa chache baadaye, usiku, watu wakiwa wamelala.

Barabara

Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana eneo la Sabasaba, Butiama, na gari dogo likahusika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wanaotumia barabara hii wanaikumbuka siku hiyo bila kukumbushwa.

Kwenye ajali ya basi, anayepiga kelele anapumua. Nenda kwa walionyamaza. Hiyo ni kanuni ngumu kuishika kwa sababu kelele zinavuta moyo, na bila mazoezi utaishia kumshika mkono mama aliyevunjika kidole wakati kijana wa kiti cha nyuma ulimi umemziba koo. Kabla ya hapo lakini, kuna mtu lazima asimame mbali barabarani kusimamisha magari, pande zote mbili. Matawi ya miti tunayoweka ni sawa, ila yawekwe mapema kabla ya kona.

Damu inayoruka au kutiririka bila kukoma inaua haraka kuliko mfupa uliovunjika. Weka kitambaa, kanga ya abiria yeyote, bonyeza kwa kiganja kizima na uzito wa mwili, usifunue kila mara kuchungulia. Kama ni mkono au mguu na damu haikubali, funga kitambaa kipana cha vidole vitatu juu ya jeraha, si kwenye kiungo, pitisha kijiti, zungusha mpaka damu ikate, na uandike saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso kwa kalamu. Waya na kamba ya viatu vinakata nyama, visitumike. Kama hujafundishwa kwa mikono, bonyeza tu.

Halafu kuna tatizo letu la usafiri. Majeruhi wa paja anakunjwa kwenye kiti cha nyuma cha mchomoko, magoti kidevuni, kwa sababu gari la wagonjwa halijafika. Aliyevunjika shingo ananyanyuliwa na watu wanne wenye nia njema, kila mmoja akivuta upande wake. Mlango uliong’oka, ubao wa genge, ngazi iliyotandikwa mablanketi, chochote kilichonyooka kinafaa kuwa machela. Mmoja ashike kichwa na shingo visicheze, naye ndiye ahesabu “moja, mbili, tatu” wakati wa kunyanyua. Gari likianza kuwaka, haya yote yawekwe kando: mvute kwa makwapa, mwili ukiwa mstari mmoja, na mkimbie.

Kama uko upande wa Bunda, kijue kituo kinachopokea dharura kilicho karibu kabla ajali haijatokea. Majeruhi wa karibu na Musoma mara nyingi huishia Kwangwa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa inayoitwa kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na wanaohitaji zaidi husafirishwa hadi Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200. Fikiria kola ya shingo iliyowekwa vibaya katika mwendo huo wote. Na tusijione tumechelewa peke yetu: hata Muhimbili, idara kamili ya magonjwa ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010 tu.

Duara na moshi

Kwenye maduara ya Buhemba na kwingineko hatari kubwa mara nyingine haionekani. Pampu ya petroli ikishushwa au kuwekwa mdomoni mwa shimo ili kukausha maji, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Wa kwanza anaanguka. Wa pili anashuka kumfuata ndugu yake, anaanguka. Wa tatu vivyo hivyo. Askari aliyefundishwa hashuki bila mtungi wa hewa na kamba, na kazi yake ya kwanza inaweza kuwa kumzuia mwanamume mzima anayelia asiruke ndani. Hewa ileile ya sumu huwapata watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Kifusi nacho kina somo lake. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, waokoaji walizungumza na watu walionasa chini na kuwapitishia maji na hewa huku wakitafuta njia. Mtu aliyebanwa mguu kwa saa nyingi akifunguliwa ghafla anaweza kufa dakika chache baadaye, sumu iliyojikusanya kwenye misuli ikirudi moyoni. Hapo ndipo muuguzi au tabibu aliyevaa sare anapojilipa: anaweka dripu kabla jiwe halijainuliwa.

Kwa majeraha ya moto, maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Vua pete na saa kabla ya kuvimba. Dawa ya meno, yai, mafuta ya kula na unga vibaki jikoni. Na mtu aliyetoka kwenye nyumba inayowaka, nywele za puani zimeungua, ana masizi kinywani na sauti imeanza kukwaruza, huyo apelekwe hospitali mara moja ingawa anatembea. Koo lake linavimba kwa ndani.

Mazoezi kabla ya ajira

Ukipata cheti chako kifupi, usikikunje kwenye bahasha. Jiunge kujitolea na Msalaba Mwekundu. Mikusanyiko haikosekani, na Butiama hupokea wageni kila inapokaribia Oktoba 14, Siku ya Nyerere. Utamhudumia aliyezimia kwa jua, aliyebanwa na kifafa (usimtie kijiko mdomoni, mwekee kitu laini chini ya kichwa na uhesabu dakika), mtoto aliyeanguka. Ndogo ndogo hizo ndizo zinazozoesha mikono. Mwanza, shirika la Tanzania Rural Health Movement limewafundisha madereva wa bodaboda huduma ya kwanza, na sioni kwa nini kijiwe cha bodaboda cha Bweri au cha Bunda stendi kisimwite mkufunzi na kuchangishana.

Uwe pia unajua namba: 114 ni Zimamoto, 112 ni Polisi, na 115 ni ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kutoa maelezo kwa simu nako ni ujuzi. “Njooni haraka, watu wanakufa” haisaidii. Sema mahali kwa alama inayojulikana, aina ya ajali, idadi ya majeruhi, na kama kuna waliobanwa, kisha usikate mpaka uambiwe.

Tangazo likitoka

Maombi hupitia mfumo wa Jeshi wa mtandaoni, ajira.zimamoto.go.tz. Soma tangazo la mwaka huo, si picha ya la mwaka juzi inayozunguka kwenye magrupu. Kwa kawaida utadaiwa cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, cheti cha shule na barua ya maombi, mara nyingi iliyoandikwa kwa mkono, na utapimwa afya. Michoro mwilini imekuwa ikikataliwa. Kinachowaangusha vijana wengi kabla hata ya usaili ni majina: kwenye cheti cha kuzaliwa Nyamhanga, NIDA Nyamuhanga, cheti cha kidato cha nne jina la babu. Lishughulikie hilo sasa, tangazo likiwa halijatoka, maana marekebisho huenda yasiishe ndani ya siku chache za maombi.

Cheti chako cha huduma ya kwanza kiambatanishe kama kuna nafasi ya vyeti vingine, na kwenye barua kitaje kwa sentensi moja tu, ukieleza ulichokifanya nacho: ulijitolea wapi, kwa muda gani. Kwenye usaili ukiulizwa aliyezama anahudumiwaje, jibu kwa mpangilio uleule ulioufanyia mazoezi. Anayekuuliza ameshawatoa watu majini, atakujua.

Usipochaguliwa, peleka cheti hichohicho kwingine. Migodi mikubwa kama North Mara kule Nyamongo ina vikosi vya dharura, hoteli na kambi za utalii kuanzia lango la Ndabaka kuingia Serengeti zinahitaji watu wanaojua huduma ya kwanza, na sheria ya usalama mahali pa kazi ya mwaka 2003 inawabana waajiri kwa jambo hilo. Huko mara nyingi huulizwa cheti kabla ya kuulizwa alama za kidato cha nne. Tazama tu tarehe ya kwisha: cheti kilichopitwa mwezi mmoja kinarudishwa kama kilichopitwa miaka kumi, na kozi ya kukihuisha kwa kawaida ni fupi kuliko ile ya mwanzo.